Wimbo Unapokodishwa: Muziki wa Roki na Matangazo ya Biashara

Miongoni mwa kazi zote za sanaa, wimbo ndio unaosafiri kwa wepesi zaidi. Kitabu humtaka mtu ajue kusoma, na sanamu humtaka afike mahali iliposimama. Wimbo humfuata mtu jikoni, shambani na safarini, ukakaa naye hata akasahau siku alipoupokea. Kwa sababu hiyo wafanyabiashara wa kila zama wameutamani. Mchuuzi anayeimba sifa za samaki wake hatendi kosa lolote: wimbo ni wake, samaki ni wake, na msikilizaji anajua anachoambiwa. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jambo lililo tofauti na hilo, yaani wimbo uliotungwa kwa dhamira moja unapochukuliwa na kufanywa mtumishi wa dhamira nyingine. Mifano yetu tutaitoa hasa Marekani, kwa kuwa huko jambo hili lilizusha ubishi mkubwa na kufikishwa mahakamani.

Mwaka 1968 bendi ya Kiingereza iitwayo The Beatles ilitoa santuri yenye wimbo “Revolution”, yaani “Mapinduzi”, uliotungwa na John Lennon. Huo ulikuwa mwaka wa maandamano ya vijana mjini Paris na katika miji ya Marekani, ambako vita vya Vietnam vilipingwa. Mwaka 1987 kampuni ya Nike iliutumia wimbo huo katika tangazo la televisheni la viatu vya michezo. Lennon hakuwapo tena kuulizwa, kwani aliuawa mwaka 1980. Haki za utunzi zilikuwa mikononi mwa Michael Jackson, aliyenunua kampuni yenye nyimbo hizo mwaka 1985 kwa dola milioni 47.5. Yoko Ono, mjane wa Lennon, aliridhia. Lakini Apple, kampuni ya The Beatles wenyewe, ilifungua mashtaka, na shauri likamalizwa kwa mapatano mwaka 1989.

Kwa mhakiki, mfano huu una fundisho la pekee. Nike hawakuajiri mwimbaji mwingine: sauti iliyosikika ilikuwa ya Lennon mwenyewe, na gitaa ni lile lile. Fani ilibaki, lakini maudhui yalipinduliwa. Picha za wanariadha na watu wa kawaida wakikimbia na kuruka ziliwekwa juu ya neno “mapinduzi”, na neno hilo likageuka kuwa sifa ya soli ya kiatu. Tena tuseme kweli: wimbo wenyewe haukuwa wito wa kushika silaha. Lennon alikuwa akijadiliana na wanamapinduzi wa siku zake, akitaka mabadiliko lakini akichelea uharibifu, na baadhi ya watu wa mrengo wa kushoto walimlaumu kwa woga. Kwa hiyo kilichopotea katika tangazo si bendera ya vita. Kilichopotea ni hoja. Wimbo uliokuwa ukiuliza swali gumu ulinyimwa swali lake, ukabakiwa na kelele tu.

Wapo wanaosema kwamba lawama hizi ni za bure. Husema kuwa muziki wa roki ulizaliwa sokoni, kwamba santuri ni bidhaa kama kiatu kilivyo bidhaa, na kwamba waimbaji hao walitajirika kwa kuuza. Hoja hii ina uzito, wala hatuwezi kuipuuza. Lakini kuna tofauti kati ya kuuza santuri na kuuza maana. Mtu anunuapo santuri huenda nayo nyumbani, akaupa wimbo nafasi katika maisha yake mwenyewe: mwingine atakumbuka harusi, mwingine msiba. Mwenye tangazo hununua mlango wa kuingilia katika kumbukumbu hizo, kisha huweka bidhaa yake ndani bila kubisha hodi. Kinachokodishwa hapo ni mapenzi ya wasikilizaji, na hao hawakuulizwa.

Mfano wa pili unahusu sauti ya mtu. Mnamo miaka ya 1980 wakala wa matangazo wa kampuni ya magari ya Ford alimwomba mwimbaji Bette Midler aimbe katika tangazo wimbo aliokuwa ameupatia umaarufu. Akakataa. Wakala akapata ruhusa ya wenye haki ya wimbo, kisha akamwajiri mmoja wa waliokuwa waitikiaji wa Midler na kumwagiza amwige kadiri awezavyo. Wengi walidhani wanamsikia Midler. Mwaka 1988 mahakama ya rufani iliamua kwamba kuiga kwa makusudi sauti mashuhuri ili kuuza bidhaa ni kosa, na baadaye akapewa fidia ya dola 400,000. Uamuzi huo ulikiri jambo ambalo wasanii walilijua zamani: wimbo waweza kuwa mali ya mwingine, lakini sauti ni sehemu ya nafsi.

Kisa cha Tom Waits kinachekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Mwaka 1976 alitoa wimbo “Step Right Up”, wa kuwakejeli wachuuzi wenye ahadi nyingi. Mwaka 1988 kampuni ya Frito-Lay ilitengeneza tangazo la redio la vitafunio lililofuata mtindo wa wimbo huo, likiimbwa na mtu aliyeiga sauti yake ya mikwaruzo. Waits alikuwa amekwisha kutangaza wazi kwamba hataki kuimba matangazo. Alishtaki akashinda, na mwaka 1992 mahakama ya rufani ilithibitisha fidia iliyozidi dola milioni 2. Hapa dhihaka yenyewe ilivishwa joho la yule iliyemdhihaki. Hatujui njia kamili zaidi ya kuizima kejeli.

Haifai, hata hivyo, kuwafanya wasanii wote kuwa wahanga. Mwaka 1995 The Rolling Stones walikubali wimbo wao utangaze programu ya kompyuta ya Microsoft. Mwaka 1996 wimbo wa Bob Dylan kuhusu nyakati zinazobadilika, ulioimbwa na vijana wa miaka ya 1960 kama ahadi, uliitangaza benki moja ya Canada. Hapo hapakuwa na wizi wala mwigo. Lakini ridhaa ya mtunzi huondoa kosa la kisheria tu. Haiondoi swali la kisanaa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bidhaa inayotembezwa kwa miguu ya wimbo wa watu yatupasa tuiangalie mara mbili.

Sisi nasi tunahusika. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe, na imezigusa pia sanaa za jadi. Hilo ni jema. Lakini Midler na Waits walikuwa hai, walikuwa na mawakili, na waliweza kusema “hapana”. Wimbo wa mavuno, wa unyago au wa kumbembeleza mtoto hauna mtunzi anayejulikana wa kusimama mahakamani. Siku utakapogeuzwa kuwa sifa ya sabuni au bia, ni nani atakayesema “hapana” kwa niaba yake, kama si wale waliolelewa nao? Yatupasa basi tuzijue nyimbo zetu pamoja na dhamira zake, tuwafundishe watoto ziliimbwa lini na kwa nini. Jamii inayojua maana ya wimbo wake ndiyo itakayotambua siku maana hiyo itakapoibwa.