Habari za Mtaa katika Nyimbo za Siti binti Saad

Walimu walio Bugarama, katika mkoa wa Shinyanga, wanakaa mahali ambapo dhahabu imevuta watu wa makabila mengi. Jioni husikiwa njiani Kisukuma, Kiswahili, bei za vitu na ngurumo za pikipiki, vyote pamoja. Walakini mwanafunzi wa huko akiambiwa atunge shairi, huenda akaandika juu ya bahari ambayo hajapata kuiona. Twadhani yafaa asikilizishwe nyimbo za mtu wa pwani hasa, Siti binti Saad wa Unguja, wala si kwa ajili ya bahari.

Siti alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, binti wa mfinyanzi. Kabla ya kuwa mwimbaji alitembeza vyungu, akinadi kwa sauti. Basi sauti ile ilijulikana njiani kabla ya kujulikana barazani. Mtembeza vyungu hujua mlango upi hufunguliwa upesi, nani hulipa, nani hukopa, na maneno gani husemwa akiisha kupita. Baadaye, nyumbani kwake Ng'ambo, alifanya mazoezi pamoja na wenziwe, akina Subeti bin Ambari na Budda bin Swedi, na habari za mtaani zikageuka nyimbo. Mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika santuri huko Bombay. Upande mmoja wa santuri za siku zile ulichukua kama dakika 3 tu. Hapakuwa na nafasi ya maneno ya bure.

Tuutazame wimbo wa Kijiti. Mwanamke aliuawa, mwuaji akakimbilia bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani, kwa ajili ya pombe. Wako wasemao ya kwamba huu ni umbeya uliotiwa ngoma. Sisi hatukubali. Umbeya huongeza, wimbo huu hupunguza. Hutaja majina, hutaja kosa, hutaja hukumu, na msikilizaji mwenyewe ndiye aonaye hukumu ile imewaangukia akina nani. Mji ulionyimwa haki ulibaki na wimbo.

Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti, na Kiswahili cha kitabu kile chapendeza mno. Walakini amempamba kwa fadhila hata vumbi la Ng'ambo limefutika nyayoni mwake. Tabia njema twaipata kwa wingi, makelele ya mtaa kwa uchache.

Wasukuma hawatashangazwa na sanaa hii. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, watungaji huwataja watu na mambo ya siku zao, na umati husikiliza kwa makini nani kapatia. Kwa hiyo mwalimu wa Bugarama hana haja ya kungoja vitabu. Na amtume mwanafunzi njiani mchana mmoja, arudi na sauti tano alizozisikia, kila moja pamoja na kazi ya mtu aliyeitoa, bila neno la kusifu wala la kulaumu.