Leseni, Cheti na Kibali katika Kanuni za Ukandaji

Kanuni zinazohusu watu wanaokanda miili ya wenzao kwa malipo huonekana nyepesi kuzifasiri. Aghalabu mfasiri hutaabika kutafuta jina la kazi yenyewe, kisha hupita haraka kwenye maneno yanayoeleza idhini. Kwa maoni yetu amegeuza mambo. Jina la kazi tunalo. Hatari imo katika idhini.

Tuanze na jina. Akandaye hubonyeza misuli kama akandaye unga. Achuaye husugua mahali panapouma, mara nyingi kwa mafuta au dawa. Asingaye humsugua bi arusi kwa manukato. Kati ya maneno haya, *kukanda* ndilo lenye maana pana zaidi, na kutokana nalo twapata *ukandaji* na *mkandaji*. Hatuoni sababu ya kukimbilia *masaji* katika maandishi ya sheria.

Sasa tutazame idhini. Katika jimbo la New York, Marekani, atakaye kazi hii hana budi kupata mafunzo yasiyopungua saa 1,000, kufaulu mtihani, na kupewa idhini na jimbo. Afanyaye kazi hiyo bila idhini hutenda kosa la jinai. Hii ni *leseni* hasa: bila hiyo, kazi yenyewe imekatazwa.

Katika jimbo la California mambo ni mengine. Sheria iliyopitishwa mwaka 2008 iliweka utaratibu wa hiari, unaosimamiwa na chombo kisicho cha serikali, na siku hizi mwombaji hutakiwa awe na mafunzo ya saa 500. Asiyejiunga hakatazwi na jimbo kukanda. Anachokatazwa ni kujiita kwa cheo kilichohifadhiwa kwa waliojiunga. Hiki ni *cheti*. Lakini mji anakofanyia kazi unaweza kumtaka awe na idhini yake wenyewe, nayo yafaa kuitwa *kibali*.

Mfasiri anayeandika *leseni* kila mahali amefuta tofauti hizi zote. Msomaji wa California ataacha kazi ambayo jimbo halikumkataza. Na yule anayeandika *cheti* kila mahali atamfanya msomaji wa New York adhani kwamba shahada ya chuo yatosha, hata ajikute mahakamani. Hilo si kosa la mtindo; ni kosa linalomgharimu mtu riziki yake.

Hapa Tanzania kuna tatizo jingine. Neno *leseni* limezoeleka zaidi kwa leseni ya biashara, ambayo msingi wake ni Sheria Na. 25 ya mwaka 1972. Leseni hiyo huruhusu biashara ifanywe. Haishuhudii ustadi wa mikono ya mtu. Kwa upande mwingine, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, hutumia utaratibu wa *usajili*, yaani jina la mtu kuingizwa katika daftari la baraza linalohusika. Kwa hiyo mtumishi wa serikali asomapo "leseni ya ukandaji" bila maelezo, atafikiri juu ya duka na ada. Twapendekeza iandikwe *leseni ya taaluma* pale inapokusudiwa idhini ya ustadi.

Jambo la mwisho ni mipaka ya neno *mkandaji*. Bibi anayemkanda mjukuu wake aliyejifungua kwa maji ya moto ni mkandaji kwa Kiswahili sanifu, wala hakuna atakayekana. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kimewekwa kisheria kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Basi neno likiandikwa ovyo katika kanuni laweza kumkamata bibi huyo. Kila kanuni yafaa ifafanue mwanzoni kwamba mkandaji ni mtu afanyaye kazi hiyo kwa malipo.

Twawashauri wafasiri wajiulize maswali matatu kabla ya kuchagua neno: Nani anatoa idhini? Inahusu mtu, jina la cheo, au mahali? Asiye nayo hukatazwa nini? Majibu yakipatikana, neno litajichagua lenyewe. Maoni ya wasomaji, hasa walimu na watumishi wanaoshughulikia maombi ya leseni, tutayapokea kwa shukrani.