Kitambaa cha Mwalimu na Msalaba wa Ukutani

Wapo wanaodai kuwa dola isiyo na dini haielemei upande wowote. Dai hilo tulipime kwa hukumu mbili za Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg.

Mwaka 2001 mahakama hiyo ilitupilia mbali shauri la mwalimu Muislamu wa shule ya msingi ya serikali, Geneva, Uswisi, aliyekatazwa kufundisha akiwa amevaa hijabu. Wanafunzi wake walikuwa wa miaka 4 hadi 8. Mahakama ilisema hijabu ni alama ya nje yenye nguvu, na watoto wadogo huathirika upesi. Wazazi hawakuwa wamelalamika.

Mwaka 2011, Baraza Kuu la mahakama hiyo hiyo, kwa kura 15 dhidi ya 2, liliamua kuwa msalaba ulioangikwa katika madarasa ya serikali ya Italia hauvunji haki ya mtu, kwa kuwa ni alama iliyotulia tu.

Ndugu msomaji, waliosoma usuli watauliza: illa iko wapi? Ikiwa mwalimu alizuiwa kwa sababu ya udogo wa watoto na wajibu wa shule ya serikali kutoelemea dini, basi illa hiyo imo Italia pia, tena kwa nguvu zaidi. Kitambaa ni cha mtu, amekivaa kwa ibada yake. Ukuta ni wa dola. Mahakama ilisema mashauri hayo hayafanani, na kweli watoto wa mlalamikaji wa Italia walikuwa wa miaka 11 na 13. Lakini amri ya Italia ya mwaka 1928 inahusu shule za msingi!

Baadhi ya ndugu zetu hukimbilia kusema ni njama ya Wakristo. Hatukubaliani nao, na Suratul Maidah, aya ya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki. Wakili wa nchi nane zilizoiunga mkono Italia alikuwa Joseph Weiler, naye ni Myahudi. Serikali ya Italia nayo iliutetea msalaba kuwa ni utamaduni wa taifa. Mkristo aliyeshangilia na ajiulize ameshinda nini, ikiwa ishara ya itikadi yake imebakishwa kwa hoja kwamba haisemi neno.

Huko Geneva, Februari 2019, wapiga kura waliidhinisha sheria inayowazuia watumishi wa serikali wanaohudumia wananchi kuonyesha dini yao kwa alama. Sheria hiyo inamhusu pia Mkristo mwenye msalaba shingoni.