Herufi mpya za Dr. Seuss zina sura, hazina sauti

Hebu jiulize: ukiruhusiwa kuongeza herufi moja tu kwenye alfabeti, ungeongeza ipi? Dr. Seuss, mwandishi wa watoto wa Marekani, hakusubiri ruhusa. Mwaka 1955 alitoa On Beyond Zebra!, kitabu ambamo mtoto anamwonyesha rafiki yake kwamba ukifika Z bado safari ipo. Inakuja Yuzz, halafu Wum, Um, Humpf na nyingine kibao, kila moja ikiwa na kiumbe chake wa ajabu.

Wazo lenyewe nalipenda sana. Mtoto anaambiwa mapema kwamba alfabeti ni makubaliano ya watu, na makubaliano yanabadilika. (Machi 2021 wasimamizi wa kazi zake walisitisha kuchapisha vitabu vyake sita, hiki kikiwemo, kwa sababu ya picha zinazodhalilisha watu. Hilo ni kosa jingine, si ninalozungumzia hapa.)

Ugomvi wangu ni huu. Ziangalie herufi zenyewe: nyingi ni herufi zile zile za zamani zilizofumwa pamoja. Na jina Yuzz unaliandikaje? Y, u, z, z. Umemaliza bila kuvuka Z! Herufi imeongezeka, sauti haikuongezeka. Ni sawa na mtu mmoja kupewa vitambulisho viwili.

Herufi yenye kazi ingekuwaje, basi? Mfano tunao kwenye Kiswahili. Mtafute mzungumzaji wa asili wa Mombasa, umshikie kipande chepesi cha karatasi mbele ya midomo. Mwambie aseme paa la nyumba, kisha paa wa porini. Kwa yule mnyama karatasi itaruka zaidi, maana ile p inatoka na pumzi nyingi. Wanaisimu huita mpumuo. Ndivyo ilivyo kwa tembo la mnazi na tembo mwenye mkonga, kaa la moto na kaa wa baharini. Ni sauti mbili zinazobadilisha maana, na tahajia yetu sanifu inaziandikia herufi moja.

Utaniambia: kwani kuna shida gani? Sarufi inatuokoa. Tembo limemwagika, tembo ametoroka, nani atachanganya? Kweli, kwenye sentensi nzima ni nadra mtu kupotea. Lakini orodha ya maneno haina sentensi, na mwanafunzi anayejifunza Kiswahili kwa kusoma hana pa kuuona huo mpumuo. Wengi wetu wa bara hatuutamki kabisa, na sidhani kama mwalimu yeyote aliwahi kunitajia. Wapo wanaouonyesha kwa ritifaa, wakaandika t'embo na p'aa, ila ni mara chache uikute nje ya vitabu vya isimu. Ajabu ni kwamba ritifaa hiyo hiyo tunaikubali bila kinyongo kwenye ng'ombe, alama tatu kwa sauti moja.

Dr. Seuss angeweza kucheza hapo, kwenye sauti ambayo mtoto anaisikia na hawezi kuiandika. Akachagua mapambo. Ukurasa wa mwisho anaacha herufi moja bila jina, anamwuliza msomaji aiiteje. Mimi yangu nimeshaichagua: ni ile t ya mwenye mkonga.