Hoja ya Aliyefungwa

Mchezaji wa sataranji anayefafanua mchezo alioushinda hukimbilia alama za mshangao. Fundi wa kweli huanzia upande wa pili wa ubao: huyu aliyefungwa alikuwa anawaza nini?

Chukua mchezo wa London wa mwaka 1912. Edward Lasker, mhandisi kijana kutoka Ujerumani, alicheza na Sir George Thomas katika klabu ya City of London, kisha akausimulia mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1951, Chess Secrets I Learned from the Masters. Hatua ya 10, Lasker alipeleka malkia h5. Tishio lilikuwa wazi: farasi ale f6, malkia ale h7, mfalme amenaswa. Thomas akajibu kwa malkia e7.

Msomaji mwenye haraka ataiita hatua hiyo kosa na kupita. Itazame tena. Farasi akila f6, askari wa g7 anamla, na kwa kuondoka kwake anaifungua safu nzima, malkia wa Thomas akailinda h7 kutoka mbali. Ni ulinzi wa mtu mwenye akili! Ufafanuzi ukiuruka, hatua ya 11 itaonekana mazingaombwe. Ukiueleza, tunaona kwamba ilikuwa jibu: h7 italindwa baadaye, basi malkia aile sasa, kabla safu haijafunguka. Mfalme hana budi kumla malkia. Ndipo farasi anakula f6, na mfalme anatishiwa na farasi na askofu kwa pamoja. Kumla farasi hakumwokoi.

Mfafanuzi huandika pia yasiyotokea. Mfalme angerudi h8, farasi wa pili angetua g6 na mambo yangeishia hapo. Alitoka h6, akasukumwa g5, f4, f3, g2 hadi g1. Hapa maneno machache yanatosha, kwani kila mara alikuwa na njia moja tu.

Hatua ya 18 Lasker alisogeza mfalme wake d2, ngome ya a1 ikafunguliwa njia, mchezo ukaisha. Angeweza pia kumhamisha mfalme na ngome kwa hatua moja, upande wa malkia, na matokeo yangekuwa yaleyale. Wapenzi wa sataranji hubishania uzuri wa hizo mbili, nami naipenda d2.

Lasker hakuishia kwenye kete. Aliandika jinsi Thomas alivyousifu mchezo uliomwangusha, kwa Kiingereza ambacho mshindi hakukijua, hata ikabidi atafsiriwe.