Whispers wa Nyeri: Msimulizi Anayejicheka na Swali la Uandishi Bora

Waandishi wa habari wanapoulizwa uandishi bora ni upi, aghalabu hujibu kwa kanuni za chumba cha habari: sentensi iwe fupi, neno la kawaida litangulie lile la fahari, habari kuu ikae juu, na kisichohitajika kifutwe. George Orwell, naye mwandishi wa magazeti, aliweka kanuni za namna hiyo mwaka 1946 katika insha yake juu ya siasa na lugha ya Kiingereza. Hatuzipingi. Hata hivyo, kanuni hizo zinahusu maneno na sentensi; hazisemi lolote juu ya mahali anaposimama yule anayesema. Makala haya yanadai kwamba suala hili la pili ndilo zito zaidi, na yanalichunguza kupitia kazi za Wahome Mutahi, mzaliwa wa Nyeri.

Mutahi alizaliwa mwaka 1954 na kufariki Julai 2003. Kwa takriban miaka ishirini aliandika safu ya Jumapili iliyoitwa Whispers, ambayo wengi waliijua kupitia gazeti la Sunday Nation. Msimulizi, ambaye pia huitwa Whispers, ni mwanamume aliyetoka kwenye miteremko ya Mlima Kenya akahamia Nairobi. Ni mpenda pombe, mwenye majigambo tele na mfuko mtupu. Mkewe ni Thatcher, mwanawe wa kiume ni Whispers Junior, binti yake ni Pajero. Mamake, aliyebaki kijijini, ni Appepklonia.

Jina hilo la mwisho lastahili kuangaliwa kwa makini. Wamishenari wa Consolata kutoka Italia waliingia nchi ya Wagikuyu mwaka 1902, na Nyeri ikawa kitovu cha kazi yao. Walikuja na majina ya watakatifu, na vinywa vya wenyeji havikuyapokea jinsi yalivyokuwa, viliyafinyanga upya. Anayeyajua majina ya ubatizo ya akina nyanya wa Othaya, Tetu au Mukurwe-ini atalisikia la Appepklonia mara moja, na atacheka kabla hajaelezwa lolote. Ndani yake mna misheni, katekisimu, umri wa mwenye jina, na mapenzi ya mwana kwa mamake. Kanuni ya kufupisha sentensi haiwezi kumpa mwandishi jina kama hilo. Hulipata kwa kusikiliza.

Ama kuhusu msimulizi, mbinu kuu ya Mutahi ni kumweka chini ya wote anaowasimulia. Mwandishi wa tashtiti kwa kawaida huchukua nafasi ya hakimu. Yeye ni mwerevu, wengine ni wajinga. Whispers ndiye mjinga wa hadithi zake mwenyewe. Anapotangaza kuwa yeye ndiye kichwa cha nyumba, msomaji tayari anajua kwamba Thatcher ana neno la mwisho. Nyumba hiyo ina bwana anayejisifu bila kusikiliza, anayedai heshima bila kulipia mahitaji, na anayeona njama katika kila mnong'ono wa jikoni. Kwa wasomaji wa enzi ya Rais Moi, familia ya namna hiyo haikuwa ngeni, na haikulazimu kuongeza kwamba inafanana na kitu chochote kingine. Msimulizi aliyejitia kichekesho alikuwa na ruhusa ambayo mhariri wa ukurasa wa maoni hakuwa nayo.

Ruhusa hiyo ilikuwa na mipaka. Mwaka 1986, wakati wa msako wa waliodhaniwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, Mutahi alikamatwa na kufungwa miezi 15. Tajiriba hiyo ndiyo iliyozaa riwaya ya Three Days on the Cross (1991). Hapa ndipo tunapoweza kulinganisha. Riwaya hiyo inatendeka katika nchi isiyotajwa jina, chini ya mtawala mwenye cheo cha kifahari, na majina ya wahusika yamekusanywa kutoka pembe mbalimbali za Afrika. Maonyesho ya mateso yana nguvu. Lakini msimulizi sasa amepanda juu, anaona yote na kuhukumu yote, na sikio lililotupa Appepklonia halina cha kusikiliza, kwa kuwa wahusika hawatoki popote. Watakaosema kwamba tahadhari ililazimisha hivyo wana hoja. Ila safu iliandikwa chini ya serikali ileile, na haikuacha kutaja Nyeri kwa jina lake. Kwa maoni yetu safu ni kazi bora kuliko riwaya, ingawa idara zetu zimezoea kusomesha riwaya na kuacha magazeti yafungiwe nyama.

Safu nayo haikosi dosari. Thatcher ni mhusika wa bapa. Mara nyingi ni ukali mtupu, na kicheko cha mume anayeonewa nyumbani kimekuwa rahisi mno katika jamii ambamo anayeonewa kwa kawaida ni mke.

Mutahi hakuwa wa kwanza katika wilaya hiyo. Gakaara wa Wanjau, aliyezaliwa mwaka 1921 na kuendesha kiwanda chake cha uchapaji mjini Karatina, alikamatwa mwaka 1952 na kukaa kizuizini miaka mingi. Shajara yake ya huko, iliyotolewa kwa Kigikuyu mwaka 1983, ilipata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Katika jarida lake, Gikuyu na Mumbi, alimwendeleza mhusika Wa-Nduuta, ambaye twaweza kumhesabu kuwa kaka mkubwa wa Whispers. Kijitabu chake cha mwaka 1948, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, alikiandika kwa Kiswahili. Mchapaji wa Karatina aliona mapema kwamba hoja fulani zilihitaji lugha ya kuvuka mto Sagana.

Mutahi aliandika safu kwa Kiingereza, akakitia Kigikuyu na Kiswahili cha baa na mtaani. Anayetaka kuitafsiri kwa Kiswahili sanifu atakutana na tatizo gumu: tabaka zote tatu zitalainishwa kuwa moja, na msimulizi atajikuta amepandishwa cheo, anazungumza kama mwalimu. Huenda ingefaa zaidi kumwacha Appepklonia na lafudhi yake, na kumpa Whispers Kiswahili chenye makosa ya mtu wa bara.

Mutahi mwenyewe alichagua njia nyingine. Katika miaka yake ya mwisho, pamoja na kundi la Igiza Productions, alitunga na kuigiza tamthilia za Kigikuyu, kama vile Mugathe Mubogothi, ndani ya mabaa. Humo hamna jukwaa lililoinuliwa. Mwigizaji husimama baina ya meza, na mlevi wa meza ya karibu akitaka kumjibu, humjibu.