Ukiacha maziwa, umeacha na nini kingine?

Ushauri wenyewe umeshaupata, labda zaidi ya mara moja: acha maziwa, mtindi na siagi kwa siku 14, kitambi kitaondoka chenyewe. Unakuja kwa ujumbe wa sauti, unakuja kwa video ya dada aliyevaa suruali yake ya zamani huku akiivuta kiunoni tuone nafasi iliyobaki. Mara nyingi unaambatana na sababu mbili. Moja, maziwa yananenepesha. Mbili, eti Mwafrika hakuumbwa kunywa maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo mwili unashindwa kuyatumia na kuyageuza mafuta.

Mimi ningeupita kimya kama nilivyopita mengine mengi, ila nimeukuta Gitting.

Kama hujafika huko, Gitting ni kata ya wilaya ya Hanang mkoani Manyara, ubavuni mwa mlima Hanang, ule wenye zaidi ya mita 3,400. Ni baridi. Wanaishi Wairaqw na Wabarbaig, watu wa jembe na ng'ombe kwa pamoja. Huku maziwa yana hadhi ya mboga. Siku ambayo hakuna maharage wala majani, ugali kwa mtindi ni chakula kamili na hakuna anayelalamika. Sasa nikiwa nakusanya data zangu, mama mmoja mwenye wajukuu watatu nyumbani akaniambia ameanza kuuza maziwa yote ya asubuhi na ya jioni, habakizi hata ya chai. Binti yake aliyeko mjini alikuwa amemtumia ule ujumbe. "Mwanangu, wewe umesoma. Ni kweli haya maziwa ndiyo yanatuharibu?" Mama mwenyewe ni mwembamba kama fito, nikakosa hata pa kuanzia.

Nianze na hiyo sababu ya pili, kwa kuwa imevaa koti la sayansi.

Kuna ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio unaoifanya iuzike. Sukari ya maziwa inaitwa laktosi, na ili uimeng'enye unahitaji kimeng'enya kiitwacho laktasi. Watoto wachanga wote wanacho, isipokuwa wachache sana. Kwa watu wazima wengi duniani kinapungua sana baada ya utoto. Mtu wa namna hiyo akinywa maziwa mengi kwa mara moja, laktosi inapita utumbo mwembamba bila kuguswa, inafika utumbo mpana, bakteria wanaichachua, na hapo ndipo tumbo linapojaa gesi, linanguruma, na pengine unaharisha.

Lakini kusema "Mwafrika" hapa ni kuchanganya bara zima kwenye sufuria moja. Mwaka 2007, Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature Genetics utafiti uliohusisha watu 470 kutoka makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waliwanywesha maji yenye laktosi, halafu wakapima sukari kwenye damu kuona imepanda au haikupanda. Pia walisoma vinasaba vyao. Wakakuta mabadiliko ya kinasaba yanayoiacha laktasi iendelee kufanya kazi ukubwani, na si yale yale ya Wazungu. Ni mengine, yaliyotokea huku kivyake. La kwao kubwa zaidi, linaloitwa C-14010, ni la kawaida Tanzania na Kenya, na walikadiria lilianza kuenea kati ya miaka 3,000 na 7,000 iliyopita, kipindi kinachoendana na kuingia kwa ufugaji ukanda huu. Miongoni mwa waliopimwa walikuwemo Wairaqw na Wadatoga, ambao Wabarbaig ni tawi lao.

Yaani ukitafuta duniani mahali pa kumwambia mtu kwamba mwili wake haujui maziwa, ubavu wa mlima Hanang ni kati ya sehemu mbaya zaidi kuchagua. Watu wa hapa wamo kwenye ushahidi wa kinyume chake.

Na hata kwa yule ambaye kweli laktosi inamsumbua, hoja ile inajipinga yenyewe. Kitu ambacho hukukimeng'enya vizuri kinakupa nguvu pungufu, hakikuongezei. Kinachotokea ni tumbo kujaa upepo. Akiacha maziwa, tumbo linashuka ndani ya siku chache, suruali inafunga, naye anaamini amechoma mafuta. Ametoa gesi. Mtu huyo ana haki kabisa ya kupunguza maziwa, au kuhamia mtindi ambao bakteria wameshakula sehemu ya laktosi yake, lakini sababu ni tumbo, si uzito.

Tuje kwenye sababu ya kwanza, ya kunenepesha. Hapa tuna bahati, maana swali limepimwa kwa njia nzuri. Mwaka 2012 jarida la American Journal of Clinical Nutrition lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 29 yenye washiriki 2,101, majaribio ambayo watu wanagawanywa kwa bahati nasibu, hawa waongeze vyakula vya maziwa, hawa wasiongeze. Kwa ujumla wake, uzito haukutofautiana kwa maana. Waliokuwa tayari wamepunguza chakula chote walipungua kidogo zaidi wakiwa na maziwa, tofauti isiyofika hata kilo moja. Waliokula kama kawaida hawakufaidika. Majaribio ya zaidi ya mwaka mmoja nayo, hakuna faida.

Ukisoma hapo vizuri utaona matokeo hayo yanawakera watu wa pande mbili. Wanaosema maziwa yananenepesha hawana pa kushika. Ila hata wauza maziwa hawana. Marekani wafanyabiashara wa maziwa waliwahi kufanya kampeni kubwa ya kuwaambia watu kunywa maziwa kunapunguza mwili, wakitegemea tafiti chache ndogo. Mwaka 2007 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo ilieleza kwamba matangazo hayo yatasitishwa mpaka ushahidi wa kutosha upatikane. Nalitaja hili ili usije ukadhani nimetumwa na wenye ng'ombe.

Sasa yule dada wa video, je, alidanganya? Sidhani. Naamini kabisa alipungua. Swali langu kwake ni moja: alipoacha maziwa, aliacha na nini kingine?

Chukua daftari tupige hesabu. Kikombe cha chai ya maziwa cha mililita 250, nusu maziwa nusu maji, maziwa yake yana kama kilokalori 80. Vijiko vitatu vya sukari, 50 hadi 60. Vikombe viwili basi, na chapati mbili za mafuta, ambazo kila moja inaweza kufika 250. Kifungua kinywa hicho kinakaribia 800, na maziwa ni kama sehemu moja ya tano tu. Halafu mwambie mtu huyo aache maziwa. Chai kavu asubuhi haimvutii, anakunywa kikombe kimoja badala ya viwili. Chapati bila chai ya maziwa haipandi vizuri, inabaki moja. Aiskrimu imekwenda, keki imekwenda, maana vyote vina maziwa. Ameondoa sukari, ngano na mafuta ya kukaangia, lakini sifa zote anaipa ng'ombe aliyeondoka.

Ongeza na maji. Mwili unahifadhi wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu inakaa na takriban gramu tatu za maji. Ukipunguza wanga ghafla, akiba hiyo inashuka na maji yanatoka. Mizani inaweza kusoma kilo moja na nusu au mbili pungufu ndani ya wiki, bila mafuta ya maana kuguswa. Ndiyo maana programu za siku 14 zinapendwa sana na wanaoziuza. Siku ya 60 huwa hawapigi video.

Nchini kwetu kuna utafiti mmoja ninaoupenda kwenye mada hii, wa Mbalilaki na wenzake, uliotoka mwaka 2010. Walilinganisha Watanzania 985: Wamaasai, wanakijiji wakulima na watu wa mjini. Asilimia 82 ya Wamaasai walieleza kula mafuta mengi na wanga kidogo, chakula ambacho wote tunajua kinatoka kwenye zizi. Hao ndio waliokuwa wembamba kuliko wote. Lakini usikimbilie kusema maziwa yamewapunguza! Watafiti walikadiria pia nguvu wanazotumia kwa siku juu ya mahitaji ya msingi ya mwili: kama kilokalori 2,565 kwa Mmaasai, 1,500 kwa mkulima, na 891 kwa mtu wa mjini. Utafiti wa aina hii, unaopima watu mara moja na kutegemea wanachosimulia, hauwezi kutenganisha maziwa na miguu. Unachoweza ni kuua ile kauli ya moja kwa moja kwamba ukinywa maziwa lazima unenepe.

Unene wenyewe upo, sitaki nionekane naudharau. Tafiti za kitaifa za afya zilionyesha wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walipanda kutoka asilimia 11 mwaka 1991-92 hadi 28 mwaka 2015-16. Ila kwa takwimu za Bodi ya Maziwa, Mtanzania wa kawaida anatumia lita sitini na ushee kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365: haifiki glasi moja ya mililita 200. Kama unamtafuta mhalifu, anza na soda, mafuta ya kukaangia na viti tunavyokalia. Mimi ninayeandika haya nimekaa tangu saa mbili asubuhi.

Na hapa narudi kwa wale wajukuu watatu, maana ndio walionifanya niandike. Ushauri wa kupungua hutungwa kwa ajili ya mtu mzima mmoja mwenye friji na uchaguzi. Ukifika Gitting hauingii kwa mtu mmoja, unaingia jikoni. Mama akiacha, chungu kizima kimeacha. Nchi hii, kwa utafiti wa 2022, watoto watatu kati ya kumi wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Jirani zetu wa Embu, Kenya, walijaribu kwa watoto wa shule 554: wengine githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, wengine hawakupewa kitu. Kwenye nyama na akili darasani nyama ilishinda, tukubali. Lakini kwa watoto waliokuwa wafupi kwa umri wao, waliopewa maziwa, glasi moja hivi, walirefuka zaidi ya wale wasiopewa kitu.

Kwa hiyo nilimjibu mama hivi: uza ya jioni kama hela inahitajika, ya asubuhi wabakizie watoto, na na wewe kunywa. Chemsha kwanza. Akauliza, na yule wa mjini? Nikamwambia ajaribu kinyume: mwezi mzima abaki na maziwa yake, aondoe sukari kwenye chai na chapati moja, ajipime kila Jumatatu asubuhi kabla hajala, mizani ile ile, nguo zile zile. Kilo ngapi zitatoka sijui, lakini angalau tutajua ni nini kilichoondolewa.